Jumamosi nne na klabu ya huduma hapa Mwanza: kazi wanapiga, ila uliza viroba vinaenda wapi

Wakuu habari zenu. Watu kibao wananiuliza kuhusu hizi klabu za huduma za hapa mjini, zile unawaona wamevaa fulana za rangi moja wanaokota taka ziwani halafu wanapiga picha na bango, eti wapo siriasi au wanatafuta sifa tu. Mi nimetoka na mojawapo Jumamosi nne, kuanzia mwezi wa tatu mpaka wa kumi na moja mwaka jana, si mwanachama, nilienda kama mgeni, kwa hiyo naandika kama mtu anavyoandika kuhusu hoteli aliyokula. Jina la klabu sitaji. Nina ya kuwasifu na nina ya kuwasema, na Mwanza hii ukipanda daladala ya Buhongwa lazima ukae siti moja na binamu wa katibu wao.

Hela kwanza maana najua ndo mnachotaka kujua. Kujitolea hulipi kitu. Wanachama wenyewe ndo wana ada na wana vikao vyao hotelini wanakula na kujadili, huko mi sijafika. Mgeni unaandika jina kwenye daftari, unapewa glovu, unaingia kazini. Fulana wanauza, hulazimishwi, ila usiponunua kwenye picha utajikuta umewekwa pembeni kabisa, nimeliona kwa macho yangu na wala sijanuna maana fulana yenyewe ukiifua mara mbili maandishi yanabanduka.

Na lile swali lingine mnalouliza kwa kunong'ona, kama ni Freemason. Mama mkwe wangu aliposikia natoka na watu wa klabu alininunia siku mbili. Jamani hapana. Historia ya hizi klabu ipo wazi, Rotary ilianzia Chicago mwaka 1905 na wakili mmoja anaitwa Paul Harris, hata jina limetokana na wao kupokezana ofisi za kukutania, leo kwako kesho kwangu, na Lions nao wameanzia hapo hapo Chicago mwaka 1917, aliyewakusanya ni Melvin Jones, mtu wa bima. Rotary dunia nzima wanajulikana kwa chanjo ya polio, Lions kwa macho. Mazingira ni mgeni kidogo, Rotary wenyewe wametangaza kuyaongeza kwenye maeneo yao makubwa ya kazi mwaka 2020 tu. Hawa ninaowaongelea mimi wanafanya vyote kwa pamoja, macho, damu, miti, taka, na hapo ndo nahisi wanapojichosha. Damu ni ile ya kuchangia hospitali, mama mkwe kama unasoma hapa.

Haya tuje kazini.

Siku ya kwanza tangazo lilisema saa moja kamili asubuhi, mwaloni upande wa Kirumba. Mi saa moja kasoro nipo, nimefunga kibanda (nafanya simu pale Buzuruga, Jumamosi ndo siku yangu ya hela), nikakuta tupo watu nane na mbwa. Tukakaa. Tukaongea mpira. Mgeni rasmi kafika saa tatu na nusu, ikasomwa risala, ikajibiwa risala, picha ya pamoja, picha ya wanawake, picha ya vijana, kazi imeanza saa nne jua limeshakuwa kali. Sasa wengine mtasema kuchelewa ndo kawaida yetu, ila ziwani kuchelewa sio suala la adabu tu. Wale konokono wanaobeba kichocho humwaga vimelea majini jua likishapanda, kuanzia asubuhi imekolea mpaka mchana ndo balaa zaidi, na vimelea hivyo havisubiri uwe na kidonda, vinapenya ngozi nzima nzima. Alfajiri hatari haiishi ila inapungua. Sasa mtu umemwita saa moja, ukamkalisha mpaka saa nne, halafu unamwambia ingia majini utoe zile chupa, na miguuni ana ndala, huyo si umempa kichocho kwa ajili ya risala? Mi nilibaki kwenye mchanga, majini sikutia mguu, na kuna dada mmoja akaniambia mbona unaogopa maji kama paka.

Mwaloni kwa asiyepajua ndo soko kubwa la samaki hapa, dagaa na samaki wakavu wanapakiwa malori kwenda mpaka Kongo, Burundi, Rwanda, kwa hiyo sio ufukwe wa kustarehe, ni kazini kwa watu. Tulichookota: chupa za maji na za soda bila idadi, vipande vya nyavu, vifungashio vya biskuti na viungo, ndala za mguu mmoja mmoja (huwa najiuliza za pili ziko wapi), na pampasi. Pampasi ikishalowa maji ya ziwa inakuwa nzito kuliko mtoto aliyeivaa. Ile mifuko ya plastiki ya kubebea tuliyokuwa tunapewa madukani kwa kweli haikuonekana sana, tangu marufuku ya tarehe 1 Juni 2019 imepungua, hilo tuseme ukweli. Chupa ndo imekalia kiti chake.

Mpaka saa saba tumejaza viroba 43. Nimevihesabu mwenyewe. Tukavipanga kando ya njia, vikapigwa picha, watu wakapewa maji na andazi wakaanza kuondoka. Kuna mama mmoja muuza dagaa, mtu mzima, alikuwa anageuza mzigo wake juani muda wote tukiwa pale, akaniita.

"Mwanangu, hivyo mnaviacha hapo?"

"Gari la taka linakuja mama."

"Lini?"

"Nimeambiwa jioni."

Akavitazama viroba kimoja kimoja. "Haya. Viroba vizuri lakini."

Sikumwelewa. Jumatano nimepeleka simu ya mteja Kirumba nikasema ngoja nipite pale. Gari halijaja. Taka zipo zote, zimemwagwa lundo kwa lundo, na kila lundo limebaki na umbo la kiroba chake, ile kama mtoto akigeuza kopo la mchanga. Viroba hamna hata kimoja. Sasa ukikaa ukafikiria, kiroba kizima sokoni ni mali, cha kufungia dagaa, cha mkaa, cha mahindi, nani aache 43 vimekaa tu njiani siku nne? Mi mwenyewe ningechukua. Siku ya Alhamisi usiku ikapiga mvua ya ukweli, sikurudi kuangalia, najua mteremko wa pale unaelekea wapi.

Nikamtumia mratibu wao ujumbe na picha. Alijibu siku hiyo hiyo, akasema gari liliahidiwa halikuja na kwamba ameumia. Sikujua kama ameumia au la ila alijibu, na hilo nimeliweka kwenye maksi zake.

Siku ya pili ilikuwa magugu maji, mwalo mmoja upande wa Ilemela, na kiukweli hapa nilikuta watu wengine kabisa. Kazi saa kumi na mbili na nusu. Gambuti zipo, glovu ndefu zipo, na muuguzi mmoja mwanachama akawa anazuia mtu yeyote asiye na gambuti asisogee majini, amesimama pale kama konda anadai nauli. Halafu waliwaachia watu wa BMU, kile kikundi cha wenyeji kinachosimamia mwalo, waongoze, wao wakafuata.

Kama hujawahi kung'oa magugu maji usidhani ni kama kupalilia mchicha. Kwa juu ni mazuri, ua la zambarau, majani yanang'aa, na hicho kiua ndo kilichotuponza maana huko Amerika ya Kusini yalikotoka watu waliyabeba kama pambo. Ziwani kwetu yalionekana mwishoni mwa miaka ya 1980. Shina lina uvimbe kama kitunguu, ukiuminya unahisi kama sponji, ndo unaofanya yaelee, na chini ina mizizi myeusi kama ndevu inayoning'inia ikiwa na kila kitu, tope, konokono, vidagaa, siku hiyo nilitoa na kifuniko cha chupa kimekwama humo. Yanashikana mmoja na mwenzake, unavuta moja linakuja blanketi zima. Na uzito wake wote ni maji. Toroli moja linabeba kidogo tu na gurudumu linazama mchangani.

Wanaklabu walianza kurundika pale pale ukingoni, ndo karibu, mzee mmoja wa BMU akapiga mluzi akaja juu. "Wajukuu zangu, hilo lundo mnalikopesha ziwa? Likija wimbi linarudi lote." Akatupeleka juu kabisa, mwendo kama wa kuvuka barabara mbili, ndo tukaanza kurundika huko, yakauke, wengine wanachanganya na samadi wanapata mbolea. Maneno yake yana mantiki maana kipande chenye mzizi kikirudi majini kinaanza maisha upya, na mbegu zake zinaweza kulala kwenye tope miaka na miaka. Ndo maana hata wale wadudu, mbawakavu walioletwa miaka ya 1990 kuyatafuna, walipunguza sana ila hawakumaliza. Mwaka 2025 mwanzoni wanaovuka Kigongo–Busisi wanakumbuka vivuko vilivyokuwa vinahangaika na magugu, daraja lilikuwa halijafunguliwa, limefunguliwa mwezi Juni.

Kwa hiyo swali langu la siku hiyo nilimuuliza yule mzee, sasa babu hii kazi ina faida gani kama yanarudi? Akasema wao wanang'oa ili mitumbwi ipite wiki mbili tatu, basi. Faida ni wiki mbili tatu. Nilipenda alivyosema bila kuremba, kwenye risala ilikuwa imeandikwa "kuokoa Ziwa Victoria". Ziwa lina kilomita za mraba karibu 68,800, nusu yake iko kwetu, sisi tulikuwa na toroli nne.

Miti sasa. Hapa ndo nina kinyongo.

Shule ya msingi moja upande wa Mkolani, juu kule mawe mawe. Tulipanda Jumamosi ya mwisho wa mwezi wa tano. Nani anapanda miti Mwanza mwisho wa mwezi wa tano? Mvua za masika zinaaga, mbele yako una Juni, Julai, Agosti, Septemba, kiangazi kitupu. Nikauliza, nikaambiwa mwaka wao wa klabu unaisha tarehe 30 Juni na uongozi unabadilika, kwa hiyo bajeti ya miti lazima itumike. Basi miche ikapandwa kwa kalenda ya mhasibu. Na miche yenyewe nusu mwarobaini, nusu miparachichi. Mwarobaini sawa, huo hata jangwani unakubali. Parachichi juu ya jiwe la Mkolani, kiangazi, nilicheka mpaka mwalimu wa mazingira naye akacheka ila akanikonyeza ninyamaze.

Mi nilipewa mstari wa mashimo 12. Udongo wa pale ukichimba beleshi mbili unagonga mwamba. Watoto wa darasa la nne walikuwa wanatuletea maji kwa ndoo kutoka bomba lililoko chini ya kilima, maji ya siku hiyo yalipatikana kwa sababu tulikuwepo, kesho yake nani anapandisha ndoo? Hamna aliyejibu. Walimu walisema kila mtoto atapewa mti wake. Haya.

Mwezi wa tisa nilikuwa na mteja kule nikapanda juu. Katika 12 zangu imebaki mitatu, yote mwarobaini, mmoja mbuzi kaula kichwa. Miparachichi hakuna hata mmoja. Nikang'oa mmoja uliokauka kuangalia, ukatoka mzima mzima na kiriba chake. Kiriba, ule mfuko mweusi wa mche, aliyepanda hakuuchana! Mizizi imejizungusha humo ndani kama tambi imekosa pa kutokea, ikafa imefungwa. Mstari wa pembeni yangu nikaona mwingine hivyo hivyo, na mwingine. Na mimi nisijisafishe, sikumbuki kama vyangu vyote nilichana, tulikuwa tunaambiwa haraka haraka picha.

Halafu sisi watu wa huku hata hatukupaswa kufundishwa hili jambo. Wasukuma wazee walikuwa na ngitili, eneo linafungwa, ng'ombe haingii mpaka wakati wake, majani na miti inarudi yenyewe, hupandi kitu. Jirani zetu Shinyanga mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulioanza mwaka 1986 uliirudisha hiyo ngitili na sehemu kubwa iliyokuwa imekuwa jangwa ikaota tena. Pale shule kama hela ya miparachichi ingenunua uzio wa kuzuia mbuzi tu, visiki vilivyopo vingechipua vyenyewe. Au kama lazima mpande, pandeni ule ukanda wa mita 60 kando ya ziwa ambao Sheria ya Mazingira ya 2004 imekataza shughuli za kudumu, maji ya kumwagilia yapo hapo hapo mguuni. Nimewaandikia hilo pia. Wamesema watalijadili.

Mpaka hapo kama mngeniuliza ningewapa nyota mbili na nusu, na hiyo nusu ni ya yule muuguzi.

Kilichonirudisha ni mama mkwe. Mwezi wa nane walikuwa na siku ya kupima macho bure, nikampeleka, yeye mwenyewe akiwa ameshikilia rozari asije akaingizwa kwenye chama. Foleni ndefu ila ilikuwa na namba, wazee wana viti, waliokutwa na mtoto wa jicho wakaandikiwa karatasi za kwenda hospitali na simu za kufuatilia, na wiki ya pili kweli wakapigiwa, jirani yetu mmoja alipigiwa. Mama mkwe kapata miwani ya kusomea. Sasa hivi anasoma mpaka maandishi madogo ya kwenye dawa na kunisomea mimi tarehe za kuisha muda. Macho hizi klabu wanayajulia, Lions wapo nayo tangu Helen Keller alipowahutubia mwaka 1925, hiyo ni karne nzima ya mazoezi, na hata hawa wetu unaona kabisa kazi ya macho wana utaratibu wake, ya mazingira wanajifunzia mgongoni mwetu.

Siku ya nne, mwezi wa kumi na moja, Mirongo. Mto Mirongo ndo unaopita katikati ya mji ukibeba kila tunachotupa huku juu vilimani mpaka ziwani, kwa hiyo ukisafisha mwaloni bila kugusa Mirongo unapiga deki bomba likiwa wazi. Vuli ilishaanza. Nilienda nikiwa na mdomo wangu tayari. Nikafika saa kumi na mbili na nusu nakuta tipa limeshapaki, dereva yumo ndani anakunywa chai. Nikauliza limekodiwa mpaka saa ngapi, mratibu akasema mpaka dampo Buhongwa na tumeshalipa. Halafu kuna jamaa wa chakavu kaja na mizani yake, kila chupa inayotoka inapimwa papo hapo anaichukua yeye, hela inaingia kwenye mfuko wa kununulia glovu. Viroba vikijaa vinamwagwa kwenye tipa vinarudi kazini, hakuna kiroba kinacholala njiani. Mgeni rasmi hakuwepo asubuhi, alikuja saa tatu kazi imekwisha, akapiga picha na tipa lililojaa, na mi nikaona hiyo ndo picha inayonoga.

Sijui kama walisikiliza ujumbe wangu au kuna mtu wao aliyeona yale malundo kama mimi. Nikamuuliza mratibu akacheka tu akasema, "Kaka, tulinunua viroba 43 vipya mwezi uliofuata. Mhasibu aliuliza."

Kwa hiyo kwa sasa nyota tatu na nusu. Taka wamejirekebisha, magugu vizuri, macho safi sana, miti bado hapana, na kuwahi inategemea kama kuna mgeni rasmi au la, ndo kipimo changu, ukiona jina la mkubwa kwenye tangazo nenda saa mbili na nusu. Ukitaka kwenda beba maji yako na kofia, vaa suruali unayoweza kuichoma, na kama kazi ni ya majini na gambuti zimeisha kaa pembeni usione aibu. Gambuti wanaleta chache na kubwa zinawahi kuisha, mi navaa 10, siku ya magugu nilipata mbili za kushoto nikatembea hivyo hivyo mpaka saa tatu.

Na siku ya Mirongo walipomaliza viroba vilivyobaki wakavigawa kwa waliokuwepo, nikachukua vitatu, jioni nikapita Kirumba nikampelekea yule mama wa dagaa. Hakunikumbuka mpaka nilipomtajia yale malundo. Akavipokea, akaingiza mkono ndani ya kila kimoja mpaka begani akikagua, akanirudishia kimoja.

"Hiki kimetoboka mwanangu."